Nimemaliza A Dance with Dragons na sasa simwamini mtu yeyote mwenye jina (uzi una siri zote za kitabu)

Msomaji wa Feri

Wakuu, salaam.

Jana usiku, saa nane na ushei, nimemaliza A Dance with Dragons ya George R. R. Martin, kitabu cha tano cha ile hadithi iliyoigizwa kwenye luninga kama Game of Thrones. Nikabaki nimekaa kitandani, tochi ya simu inawaka, kitabu kiko mapajani. Mama watoto akaamka akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia ndiyo, Jon Snow, kamanda wa Walinzi wa Usiku wanaolinda Ukuta wa barafu, kachomwa visu na watu wake mwenyewe. Akavuta shuka, akanigeuzia mgongo. Basi nimekuja kulia huku kwenu.

Asiyesoma aishie hapa. Naanika kila kitu.

Kwanza mjue nilivyoteseka na kitabu chenyewe. Toleo la Uingereza la jalada jepesi limekatwa vipande viwili: cha kwanza Dreams and Dust, cha pili After the Feast. Mimi kile cha kwanza nilikiokota kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta, nikajua nimebeba kitabu kizima. Nafika ukurasa wa mwisho, hadithi imekatika kama umeme wa mgao. Miezi mitano nikawa nahangaikia cha pili. Nilipokipata, ukurasa wa mbele ulikuwa na jina la mwenye kitabu limekwanguliwa kwa kalamu, chini yake limeandikwa jina lingine, mwandiko mwingine. Nilicheka tu wakati ule. Sasa nimemaliza naona kile kitabu kilikuwa kinanipa salamu.

Maana nadharia yangu ni moja, hizo nyingine zote zinaning'inia humo: ndani ya kitabu hiki ukisikia mtu anaitwa kwa jina, jiulize ni nani kamvisha.

Hebu rudini mwangalie vichwa vya sura. Sura za Theon, aliyelelewa Winterfell, ngome ya kina Stark, kisha akaisaliti, mwanzoni zinaitwa Reek, yaani Uvundo, jina alilopewa na Ramsay Bolton, adui wa kina Stark, baada ya kumchuna ngozi vidole na kumvunja meno. Tunamkuta gizani anakula panya, na mimi nilisoma kurasa kadhaa kabla sijang'amua huyu ni nani. Halafu sura inaitwa The Prince of Winterfell, halafu The Turncloak, halafu A Ghost in Winterfell. Ni siku ile anayoruka kutoka ukutani kwenye theluji, kamshika mkono yule msichana aliyeozwa Ramsay, ndiyo sura inaitwa Theon. Mwandishi hakuandika popote kwamba mtu huyu amepona. Kambadilishia kichwa cha sura tu. Mimi pale niliweka kitabu chini nikaenda kunywa maji.

Na hayuko peke yake. Tyrion, kibeti mtoro wa ukoo wa Lannister, anajiita Hugor Hill, baadaye Yollo. Arya, binti wa kina Stark aliyepotea, ni kipofu asiye na jina, kisha anavishwa uso wa msichana mwingine kabisa. Quentyn Martell, mtoto wa mtawala wa Dorne, anasafiri kama mtumishi wa mfanyabiashara na wenzake wanamwita Chura. Mance Rayder, mfalme wa watu wa nyuma ya Ukuta, anatembea Ukutani kavaa sura ya Rattleshirt, mmoja wa watu wake, kwa uchawi wa Melisandre, yule kuhani mwekundu wa moto, na aliyechomwa moto mbele ya watu ndiye Rattleshirt mwenyewe. Kisha Mance anaingia Winterfell kama mwimbaji anayeitwa Abel. King's Landing, mji mkuu, kumetokea askari mkubwa kama kabati, Robert Strong, havui kofia ya chuma wala hasemi. Yule sote tunajua ni Gregor Clegane, aliyedhaniwa amekufa.

Sasa njooni kwenye harusi, maana mimi hapo ndipo nilipojenga nyumba yangu.

Ramsay anaoa "Arya Stark" ili apate haki ya Winterfell. Bibi harusi si Arya, ni Jeyne Poole, binti wa aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya kina Stark. Akina Bolton wanajua. Sasa wanafanyaje ili mabwana wa Kaskazini waamini? Wanamleta Theon amtoe bibi harusi. Kwa nini Theon? Kwa sababu alilelewa nyumba ile. Akimwita Arya mbele ya watu, nani atabisha? Ukitaka jina la uongo lishike, tafuta shahidi aliyewajua wenyewe, tena shahidi ambaye hana pengine pa kwenda.

Haya. Sasa geukeni upande wa pili wa bahari, mtazameni Jon Connington na kijana wake.

Tunaambiwa Young Griff, ndiye kijana huyo, ni Aegon, mtoto wa mrithi wa kiti Rhaegar Targaryen, yule mchanga aliyepasuliwa kichwa na Gregor Clegane. Ati Varys, mkuu wa majasusi, alimbadilisha na mtoto wa mtengeneza ngozi wa uchochoroni, baba yake akalipwa jagi la mvinyo. Shahidi wa kijana ni nani? Connington, rafiki wa Rhaegar, mtu aliyempenda Rhaegar kuliko alivyowahi kupenda chochote, aliyefukuzwa nchini na kusingiziwa kwamba amekufa mlevi. Hana pengine pa kwenda. Ni harusi ile ile, wakuu! Tofauti ni kwamba Theon anajua anasema uongo, Connington hajui. Na anavyoficha vidole vyake ndani ya glovu vikigeuka jiwe kwa ugonjwa wa greyscale, mimi nakuta mwandishi ananikonyeza: kuna kitu kimeoza upande huu na kimefunikwa kwa kitambaa kizuri.

Tena jamaa wa Golden Company, askari wa kukodiwa wanaomfuata kijana. Kikosi hicho kilianzishwa na Bittersteel kwa ajili ya akina Blackfyre, ukoo wa mwanaharamu wa Targaryen aliyetaka kiti kwa nguvu. Watu hawa leo wavunje mkataba wao kumsindikiza mjukuu wa maadui zao? Illyrio, tajiri mshirika wa Varys, anasema ukoo wa Blackfyre uliisha upande wa wanaume. Upande wa wanaume. Mtu mnene yule hapotezi maneno. Na mkumbuke kwenye A Feast for Crows kuna hadithi ya kibao cha nyumba ya wageni: joka la chuma jeusi, likakatwakatwa likatupwa mtoni, miaka ikapita, kipande kikaokotwa kimeshika kutu, kimegeuka chekundu. Joka jeusi linarudi kutoka majini likiwa jekundu. Nembo ya Blackfyre ni joka jeusi, ya Targaryen ni jekundu. Mimi sina la kuongeza.

Kuhusu Meereen, mji anaoutawala Daenerys Targaryen mwenye majoka, sitasema mengi. Ilinichosha kama foleni ya kivuko saa mbili asubuhi, hadi joka wake Drogon alipotua uwanjani. Quentyn nilimlilia lakini.

Mwisho, ile barua aliyopelekewa Jon, yenye nta ya rangi ya waridi. Ukiwa na nadharia ya majina, utaisomaje barua iliyosainiwa Ramsay Bolton, bwana "halali" wa Winterfell? Mimi nasema si yeye. Barua zake za nyuma anaandika kwa damu na kuambatanisha kipande cha ngozi ya mtu. Hii haina ngozi, haina damu, na nta ni kama imepakazwa tu. Nje pameandikwa neno moja, Mwanaharamu. Anayeandika anataka Val, shemeji wa Mance anayemwita "binti mfalme", na mtoto mchanga wa Mance. Ramsay kawajulia wapi hao?

Mnikosoe.

Bibi Sataranji

Msomaji, hongera kwa kumaliza, na pole. Mimi nilimaliza zamani na bado nina kidonda.

Hoja ya harusi ni nzuri, sijawahi kuiona ikiwekwa hivyo. Ila umeruka kitu ambacho kinakuumiza. Nani mwingine anabadilisha watoto wachanga katika kitabu hiki hiki? Jon Snow! Anamchukua mtoto wa Gilly, mama wa nyuma ya Ukuta, na mtoto wa Mance, anawabadilisha, ili Melisandre asimchome mwenye damu ya kifalme. Gilly anaondoka Ukutani analia na mtoto asiyemzaa. Yaani mwandishi kakuonyesha mbele ya macho yako kwamba jambo hili linafanyika, linafanikiwa, na linafanywa na mtu mwema. Halafu wewe unasema la Varys ni hadithi ya mlevi?

Na la pili. Mwisho wa kitabu Varys anampiga mshale Kevan Lannister, msimamizi wa mfalme mtoto, na kabla majasusi wake watoto hawajaja na visu, anamweleza habari za Aegon. Mtu anayekata roho unamdanganya ili iweje?

Msomaji wa Feri

Bibi, shikamoo. Hilo la watoto wa Ukutani limenikaa kooni, nakiri. Sikulifikiria.

Lakini la Varys nimelirudia leo kwenye kivuko, mara mbili. Soma tena anachokisema. Kevan anasema mtoto yule amekufa, Varys anasema hapana, yupo hapa. Baada ya hapo maelezo yote ni ya malezi. Kijana amefundishwa silaha, kusoma na kuandika, lugha kadhaa, historia, sheria, mashairi. Ameishi na wavuvi, anashona nyavu, anapika, anafunga jeraha, anafua nguo zake mwenyewe. Anajua njaa ikoje. Hakuna sentensi hata moja kuhusu baba yake wala nywele zake. Kama mzigo wako ni damu, kwa nini unauza malezi?

Nadhani Varys haoni kama anadanganya. Kwake yeye mfalme hutengenezwa. Na Varys huyo huyo utotoni alikuwa mtoto wa kikundi cha waigizaji. Quaithe, mtabiri mwanamke, kamwonya Daenerys kuhusu "joka la mwigizaji". Kwenye A Clash of Kings, ndani ya ile nyumba ya wachawi wa Qarth, Daenerys aliona joka la kitambaa juu ya miti, umati unashangilia. Joka la kitambaa, Bibi!

Bibi Sataranji

Marahaba mwanangu.

Joka la mwigizaji linaweza kuwa joka la kweli lililo mikononi mwa mwigizaji. Neno hilo lina milango miwili na Martin ameiacha yote wazi kwa makusudi.

Ila sikiliza, kuna kitu kuhusu kijana ambacho hujakitaja na ni changu mimi, maana nimejipa jina la mchezo. Kumbuka Tyrion anacheza naye cyvasse, mchezo wa ubao kama sataranji, kwenye boti. Anamchokoza, anamshauri aende magharibi asimsubiri shangazi yake Daenerys, kisha anamshinda. Kijana anafanyaje? Anapindua ubao, vipande vinamwagika, anamwamrisha Tyrion aviokote. Na Tyrion anawaza kwamba huenda kweli huyu ni Targaryen. Watu wote wanasoma pale kama mzaha. Mimi nasoma hivi: kijana aliyefundishwa kushona nyavu na kufua nguo, akishindwa mara moja anamwaga ubao. Malezi ya Varys yameishia hapo. Awe wa damu au asiwe, ni mtoto asiyejua kushindwa, na wamempa jeshi.

Msomaji wa Feri

Aisee. Hii naichukua, naiweka juu ya nadharia yangu kama kofia.

Na angalieni, Aegon hana sura hata moja. Connington ana zake mbili, Melisandre kapewa moja, hata Quentyn kapewa, kijana hana. Tunamwona kwa macho ya wengine tu. Akifikiri peke yake kichwani anajiita nani, hatuambiwi.

Mdau wa Luninga

Wakuu samahani kuingilia, huyu Aegon wa boti ni nani? Mimi nimeangalia misimu yote nane, sijamwona. Na Jon si alifufuliwa na yule mama mwekundu? Mbona mnalia?

Msomaji wa Feri

Mkuu karibu. Tamthilia ya HBO ilimwondoa kabisa, na Quentyn pia, na Connington kaondoka na mzigo wake. Ndiyo maana kuitumia kama ushahidi siwezi. Msimu wa sita, mwaka 2016, ulikuwa umeshapita mahali vitabu vilipoishia.

Kuhusu Jon: kitabuni anaanguka, hausikii ule mchomo wa nne, anasikia baridi tu. Basi. Neno la mwisho analotamka ni Ghost, jina la mbwa mwitu wake. Na kitabu kilianza na nini? Na Varamyr, mvaa ngozi, yaani mtu anayeweza kuingia ndani ya mnyama, anayekufa thelujini na roho yake ikaingia kwa mbwa mwitu. Mwandishi kafungua kitabu kizima kwa somo la namna mvaa ngozi anavyokufa, kisha kaja kumuua mvaa ngozi mwingine kwenye sura yake ya mwisho. Jon yuko ndani ya Ghost. Na Ghost siku ile kafungiwa chumbani kwa sababu ya nguruwe wa Borroq, naye mvaa ngozi. Ningekuwa na mwandishi karibu ningemnyang'anya chai.

Pai ya Manderly

Mmesahau mambo ya maana. Wyman Manderly, bwana anayejifanya rafiki wa akina Bolton na wenzao akina Frey, mwenye mwili wake, anatoka White Harbor kwenda harusini. Akina Frey watatu waliotangulia njiani hawajafika. Bwana Manderly anafika na pai tatu kubwa za nyama, anawakatia akina Bolton na Frey, mwenyewe anakula vipande sita, viwili kwa kila pai, anatafuna mate yanamtoka. Akishalewa anamwambia mwimbaji apige wimbo wa Mpishi Panya.

Na utamu ni kwamba Mpishi Panya katika hadithi ya Bran hakulaaniwa kwa kumpikia mfalme mwanawe. Alilaaniwa kwa kuua mgeni. Manderly kabla hawajaondoka kwake aliwapa kila mmoja farasi kama zawadi ya kuagana. Ugeni ukaisha pale mlangoni. Kwa desturi ya Kaskazini mikono yake misafi kabisa. Mjomba wangu alikuwa mshenga mzoefu, ningemsimulia hii angesema huyu mzee anajua mila.

Kunguru Mweupe

Narudi kwenye barua. Msomaji, unasema si Ramsay. Hebu tuambie basi ni nani, usijifiche. Maana wapo wanaosema Mance, kwa vile mwandishi wa barua anawaita Walinzi wa Usiku kunguru, neno la watu wa nyuma ya Ukuta. Wapo wanaosema Stannis, mdai kiti aliye vitani na akina Bolton, anamvuta Jon atoke.

Mimi nina neno moja tu linalonizuia: Reek. Barua inataka "Reek wangu". Wale wanawake walioingia Winterfell na Mance walimwita Theon kwa jina lake au msaliti. Stannis hana sababu ya kulijali jina hilo. Anayemwita hivyo kwa uchungu wa kunyang'anywa ni Ramsay. Na la Val na mtoto, Mance akiwekwa kwenye tundu na wale wanawake wakichunwa ngozi mbele yake, kitu gani hawatakisema?

Msomaji wa Feri

Kunguru, umenikamata kwa mtego wangu mwenyewe. Nadharia yangu ni ya majina na nimeruka jina lililo ndani ya barua.

Nilikuwa upande wa Mance. Sasa siko tayari kuapa. Nikitazama vizuri, Ramsay ndiye mwenye njaa kubwa zaidi ya jina katika kitabu kizima. Alizaliwa Snow, kama Jon. Kahalalishwa kwa karatasi ya mfalme mtoto. Amuite mwenzake Mwanaharamu nje ya barua, kisha asaini ndani "halali"? Hilo ni yeye. Nimelisoma sasa hivi nikasikia sauti yake. Lakini ngozi iko wapi? Mtu hubadilisha mtindo wa maisha barua moja?

Huenda walioandika ni wawili: maneno ya mmoja, taarifa za mwingine. Sijui. Nimevurugwa.

Bibi Sataranji

Nikuvuruge zaidi kabla sijalala. Muda mfupi kabla ya visu, jitu Wun Wun linamuua Ser Patrek wa King's Mountain. Vazi lake lina nyota, na zimelowa damu. Jeraha la Jon linatoa moshi kwenye baridi. Bowen Marsh anamchoma huku machozi yanamtiririka. Utabiri wa Azor Ahai, shujaa anayesubiriwa kuzaliwa upya, unasemaje? Atazaliwa kwenye chumvi na moshi, chini ya nyota inayovuja damu. Na Melisandre anaomba motoni aonyeshwe Azor Ahai, anaonyeshwa theluji, Snow, kila mara, na hajiulizi.

Msomaji wa Feri

Nimepiga kelele. Mama watoto kaamka tena.

Pai ya Manderly

Sasa lini tunapata cha sita? Kile cha nne kilitoka 2005, hiki 2011. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo anakunyoa ndevu.

Msomaji wa Feri

Sura chache za The Winds of Winter mwandishi alishaziachia. Iliyo ya Theon ndiyo naianza kesho kwenye kivuko, maana Stannis yumo, na nataka kujua barua ile kaijuaje kama kaijua.

Mdau wa Luninga

Mkuu, mmenitia hamu. Nimepata After the Feast kwa jirani, ila cha kwanza hakipo. Nianze nacho tu?

Msomaji wa Feri

Usithubutu. Utamkuta mtu anaitwa Prince of Winterfell na hutajua kwa nini inauma. Mimi ninacho Dreams and Dust. Jumamosi saa nne niko Feri upande wa Magogoni, nitakuwa na shati la bluu. Kirudishe, na usikwangue jina langu.